Kirkman: Mfukuaji wa Gedi aliyepelekewa habari za meli iliyozama

Wameru wa Nkubu na Imenti kwa jumla wamerithi simulizi ya Mbwaa, nchi ya pwani ambayo wahenga wao waliitoroka kwa kuvuka maji usiku. Mwanafunzi wa huko anapoizuru Fort Jesus mjini Mombasa, huona humo vyombo vilivyotolewa chini ya bahari, karibu na kuta za ngome hiyo. Kisa chake hakielezeki bila kumtaja marehemu James Kirkman.

Mwingereza huyo, aliyezaliwa mwaka wa 1906, alianza kufukua magofu ya Gedi mnamo 1948. Alikata msitu, akapima kuta na kusoma tabaka za udongo moja baada ya jingine. Kaburi moja huko lina tarehe ya 802 Hijria, yaani 1399 Miladi, na tarehe hiyo ilimfaa sana katika kukadiria umri wa mji. Mwaka wa 1958 Fort Jesus ilikoma kuwa gereza, naye akapewa kazi ya kuichimba na kuikarabati. Makumbusho yalifunguliwa mwaka wa 1960.

Katika mwongo huo, wapiga mbizi wa Mombasa waligundua mabaki ya meli ya Wareno. Ilikuwa Santo António de Tanna, iliyoundwa Bassein, India, na kuzama mwaka wa 1697 Waomani walipokuwa wameizingira ngome. Kirkman aliandika juu yake mwaka wa 1972 katika jarida la kimataifa la akiolojia ya baharini.

Hapo ndipo ugumu ulipodhihirika. Sheria ya Gedi ndiyo sheria ya baharini: kitu kikiondolewa kabla ya kupimwa, ushahidi wake hupotea. Lakini mpimaji wa chini ya maji huhesabiwa dakika, maji ya bandari ni machafu, na mkondo humsukuma. Kujua kuzamia hakutoshi. Sharti afunzwe kutandaza kamba ya msingi, kupima kwa utepe kutoka alama zisizosogea, kuchora kwa penseli juu ya plastiki, na kuelea bila kutifua tope kwa miguu. Kenya haikuwa na kikosi cha namna hiyo.

Kirkman alistaafu mwaka huohuo wa 1972. Hamo Sassoon, aliyeshika usukani baadaye, aliialika taasisi ya akiolojia ya baharini kutoka Marekani. Kati ya 1977 na 1980 kikosi kilichoongozwa na Robin Piercy kilichimba, kikapima mbao za meli, kisha kikazifukia tena palepale. Huenda msomaji akadhani walikata tamaa, kumbe walifanya busara. Mbao zilizolowa kwa karne tatu zikianikwa hupasuka, na kuzihifadhi huchukua miaka mingi na fedha nyingi.

Kirkman alifariki mwaka wa 1989. Hakuwaona wataalamu wa Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya wakizamia pamoja na wenzao wa China katika maji ya Lamu na Malindi, kuanzia 2010. Gedi yake iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka wa 2024, miaka 13 baada ya Fort Jesus. Mbao za meli zingali chini ya mchanga, mbele ya ngome.