Maisha ya Marehemu Paul Ngei wa Kangundo

Ni desturi ya kitabu hiki kwamba, baada ya hesabu za fedha na habari za misaada iliyotolewa, huwekwa kurasa chache za kumkumbuka mmoja wa wakubwa waliotutangulia. Mwaka huu tumemchagua marehemu Paul Ngei. Twajua kwamba jina lake halitajwi mahali po pote katika Ukambani bila ya kuzusha mabishano. Wako wanaomsifu mpaka wakapita kiasi, na wako wasiotaka hata kumsikia. Sisi tumeona ni heri kuyaeleza maisha yake kama yalivyokuwa, yenye sifa na yenye lawama pamoja, kwani mtu aliyekufa hahitaji kubembelezwa.

Alizaliwa tarehe 18 Oktoba 1923 huko Kiima Kimwe, karibu na mji wa Machakos. Babu yake alikuwa Masaku, yule mkuu ambaye Wazungu walipolishindwa jina lake wakalitamka Machakos, na mji ukaitwa hivyo hata leo. Kampuni ya Kiingereza ya Afrika ya Mashariki ilijenga ngome yake hapo mwaka 1889, na kwa miaka kumi Machakos ikawa makao ya utawala wa bara, mpaka mwaka 1899 makao hayo yalipohamishiwa Nairobi kwa sababu ya reli. Basi mtoto huyu alizaliwa katika nyumba iliyokwisha kuonja heshima, ikaonja na kupokonywa. Alipokuwa angali mdogo jamaa zake walihamia Mbilini, katika Kangundo, na huko ndiko alikokulia na ndiko alikokuita kwao mpaka mwisho.

Kuna jambo moja ambalo vijana wa siku hizi hawana budi kulijua ili wamwelewe mtu huyu. Mwaka 1938, Ngei alipokuwa mvulana wa miaka kumi na minne, Serikali ilianza kuwanyang'anya Wakamba ng'ombe wao kwa nguvu, ikisema kwamba wamezidi na wanaiharibu ardhi. Ng'ombe hao waliuzwa kwa bei duni, wengi wakaishia katika kiwanda cha nyama cha Liebig huko Athi River. Ardhi yenyewe ilikuwa imebanwa kwa sababu vilima vya Mua walikwisha kupewa walowezi, na malisho ya Yatta yalikuwa yamefungwa. Ndipo Muindi Mbingu alipowaongoza watu, wanaume kwa wanawake na watoto, wakatembea kwa miguu mpaka Nairobi, wakakaa huko majuma mengi wakitaka kumwona Gavana. Serikali iliacha kuwakamata ng'ombe kwa nguvu, walakini Muindi Mbingu mwenyewe alikamatwa akahamishiwa Lamu. Mvulana aliyeona mambo hayo hakuhitaji mwalimu wa siasa.

Alisoma shule za Kangundo, kisha Alliance High School kule Kikuyu, na baadaye akafika Makerere, Uganda. Zamani hizo Mkamba aliyefika Makerere alihesabiwa kwa vidole. Katikati ya masomo hayo vikaingia Vita vya Pili vya Dunia, naye, kama maelfu ya vijana wa Ukambani, akavaa sare ya Mfalme.

Hapa twapenda kukawia kidogo, kwani wengi wa wazee waliokianzisha chama chetu walikuwa askari au watoto wa askari. Wakamba walikuwa wengi mno katika jeshi la KAR kuliko idadi yao katika nchi, na Waingereza walipenda kusema kwamba sisi ni kabila la askari, neno ambalo lilitupendeza masikioni na likatugharimu damu. Walikwenda Uhabeshi, Madagascar, na Burma, wakapigana na watu ambao hawakuwa na ugomvi nao. Katika Vita vya Kwanza baba zao walikuwa wameteswa katika Kariakoo, ambako watu walikufa kwa maradhi na njaa zaidi kuliko kwa risasi. Katika wale waliorudi kutoka Tanganyika alikuwako Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyerudi na ufundi wa kuchonga vinyago aliojifunza huko, na ufundi huo ukawalisha watu wa Wamunyu mpaka leo. Twamtaja kwa sababu ni mmoja wa wachache ambao vita viliwapa kitu cha kushika mkononi.

Askari wa vita vya pili walirudi mwaka 1945 na baadaye. Askari wa Kizungu waliokuwa pamoja nao walipewa mashamba katika nchi ya juu kwa mpango wa Serikali wa kuwakalisha walowezi wapya. Askari Mwafrika alirudi kwenye kipande chake na kwenye shamba la mama yake lililokwisha kumomonyoka. Yeye alikuwa amemwona Mzungu akiogopa, akilia, na akifa kama mtu mwingine ye yote, naye asingeweza tena kusahau aliyoyaona. Ngei alikuwa mmoja wa hao, tena mmoja mwenye elimu ya kuyaandika yaliyokuwa moyoni.

Ndivyo alivyofanya. Alianzisha gazeti la Kikamba lililoitwa Wasya wa Mukamba, yaani sauti ya Mkamba, akaingia katika chama cha KAU akawa mmoja wa viongozi wake. Usiku wa tarehe 20 Oktoba 1952 Gavana Baring alitangaza Hali ya Hatari, na viongozi wakakamatwa vitandani mwao. Sita kati yao walipelekwa Kapenguria: Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Fred Kubai, Kung'u Karumba, Achieng Oneko na Paul Ngei. Ngei ndiye aliyekuwa mdogo wao kwa umri, na ndiye Mkamba peke yake. Alikuwa na miaka ishirini na tisa.

Kesi ilisikizwa na Hakimu Thacker, na mwanasheria mashuhuri D. N. Pritt akaja kutoka Uingereza kuwatetea. Tarehe 8 Aprili 1953 walihukumiwa kifungo cha miaka saba na kazi ngumu. Oneko alishinda rufani yake, lakini hakuachwa huru. Wengine wakabaki Lokitaung, katika jangwa la Turkana, ambako jua huchoma mawe. Huko walichimba na kupasua mawe, na mzee Kenyatta, kwa umri wake, akapewa kazi ya kuwapikia wenzake. Husimuliwa sana kwetu kwamba siku moja Ngei alimkinga Kenyatta asipigwe, akachukua mapigo hayo yeye. Hadithi hiyo imekua kwa kusimuliwa, kama hadithi zote za magereza zinavyokua. Lakini msomaji ajue pia kwamba wafungwa wale hawakuwa kitu kimoja siku zote. Waligawanyika na kununiana, na kwa muda Ngei, Kaggia na Kubai walikuwa upande mmoja, Kenyatta upande mwingine. Mwaka 1958 barua ya wafungwa hao ya kulalamikia chakula na maji ilitoroshwa ikachapishwa katika gazeti la The Observer la London, na Uingereza nzima ikajua.

Jambo moja latushangaza kila tulifikiripo. Katika gereza lile walikuwamo watu watatu waliokuwa wamevaa sare ya Mfalme: Kaggia, aliyefika Mashariki ya Kati na Uingereza, Waruhiu Itote, yaani Jenerali China, aliyepigana Burma kabla ya kwenda msituni, na Ngei. Serikali ile ile iliyowafundisha kushika bunduki ndiyo iliyowapa nyundo za kupasulia mawe.

Kifungo kilipokwisha mwaka 1959 hakurudi nyumbani, bali aliwekwa kizuizini Lodwar, na baadaye Maralal, mpaka alipoachiliwa mwaka 1961. Hesabuni wenyewe, ndugu zetu: ni karibu miaka tisa. Mtu mwenye jamaa akiondoka kwa muda huo, mtoto aliyeachwa akinyonya humkuta akiwa mwanafunzi wa shule asiyemjua baba. Sisi ambao kazi yetu ni kuwatazama wajane na watoto wa wanachama twajua uzito wa jambo hilo, na twajua kwamba hakuna tume iliyowahi kuuhesabu. Baada ya kurudi Ngei alikuwa na jamaa kubwa, mwenye wake na watoto wengi, mlango wake ukiwa wazi kwa watu wa ukoo na wasio wa ukoo. Waliomfahamu husema kwamba hakujua kumwambia mtu hapana. Huenda hapo ndipo penye chanzo cha mema yake mengi, na cha taabu yake pia.

Siasa zake baada ya hapo zilikuwa za vishindo. Mwaka 1962, akiona kwamba Wakamba wanasahauliwa katika KANU, alijitenga akaanzisha chama chake cha African People's Party, na katika uchaguzi wa Mei 1963 chama hicho kilipata viti vinane. Wengi walimwita msaliti. Mwezi wa Septemba mwaka ule ule alikivunja chama chake akarudi KANU, na kurudi huko kukamtia Kenyatta nguvu kabla ya mazungumzo ya mwisho ya Uhuru kule London. Twaona kwamba katika jambo hili alikuwa mwerevu kuliko wale waliomcheka: aliondoka na watu wake, akarudi na watu wake, na Ukambani haikupotea njiani.

Alifanywa Waziri wa Ushirika na Masoko. Ikaja njaa ya 1965, mahindi yakaadimika, ikabidi kuleta mahindi ya njano kutoka Marekani ambayo wazee wanayakumbuka kwa midomo iliyokunjamana. Ikaulizwa ni nani aliyenunua na kuuza mahindi nje ya Bodi, na lawama zikaielekea nyumba ya Waziri na biashara ya jamaa zake. Tume iliundwa, Waziri akasimamishwa kazi, kisha mwaka 1966 akarudishwa katika Baraza akiwa Waziri wa Nyumba. Hatutaki kulipunguza jambo hili. Watu walikuwa na njaa, na kiongozi ambaye nyumba yake yatajwa katika habari ya mahindi wakati wa njaa amejitwika mzigo ambao hata Lokitaung haiwezi kuutua.

Tena likaja lile la mwaka 1975. Mahakama ilimwona na hatia ya kosa la uchaguzi, la kumtisha mpinzani wake katika uchaguzi wa 1974, na kwa sheria ilimpasa kukaa nje ya Bunge miaka mitano. Mwezi wa Desemba Bunge lilibadilisha Katiba kwa haraka, ili Rais apate uwezo wa kumsamehe mtu wa namna hiyo; Rais Kenyatta akamsamehe, naye akashinda tena katika uchaguzi mdogo wa 1976. Watu wa Kangundo walishangilia. Wanasheria mpaka leo hulitaja badiliko hilo kwa jina lake, na si kwa kulisifu. Katika kamati yetu tulibishana juu ya aya hii kuliko nyingine zote. Wazee wawili walitaka iondolewe. Tumeiacha, kwani asiyeitaka ataijua kwa njia nyingine, tena kwa maneno mabaya zaidi.

Aliendelea kuwa Waziri wa idara mbalimbali, chini ya Kenyatta na chini ya Moi. Watu walimwita Bwana Mashamba. Walakini mikopo ilikuwa ikimfuata nyuma kama fisi amfuatavyo ng'ombe mgonjwa. Mwaka 1990 Mahakama ilimtangaza kuwa mufilisi, na mufilisi hawezi kuwa Mbunge. Akapoteza kiti na uwaziri kwa pigo moja. Mtu ambaye hakuvunjwa na jangwa la Turkana alivunjwa na madeni yake.

Miaka kumi na minne iliyobaki aliishi kwa shida. Kisukari kilimshika, akakatwa miguu, akawa mtu wa kusukumwa katika kiti cha magurudumu. Wageni waliomjaza nyumba zamani walipungua, kama ilivyo kawaida ya wageni. Walibaki jamaa zake, na wazee wachache waliokuja kukaa naye na kuzungumza habari za zamani. Waliokwenda kumwona walisema kwamba sauti yake haikupungua hata kidogo, na kwamba alipenda bado kucheka.

Alifariki tarehe 15 Agosti 2004, akiwa na miaka themanini, akarudishwa kwao Kangundo. Katika wale sita wa Kapenguria, Karumba alikwisha kupotea mwaka 1974 alipokwenda Uganda kwa biashara, asionekane tena. Kenyatta alifariki 1978, na Kubai 1996. Baada ya Ngei akafuata Kaggia mwaka 2005, na wa mwisho, Achieng Oneko, mwaka 2007. Vyumba walimofungiwa Kapenguria vimehifadhiwa katika jumba la makumbusho, na mitaa ya Ngei huko Lang'ata, Nairobi, inachukua jina la yule aliyekuwa Waziri wa Nyumba. Wanachama kadhaa wa chama chetu wamepanga huko.