Mfahamu Kittie Knox, fundi cherehani aliyegoma kuachwa nyuma kwenye misafara ya baiskeli

Kittie Knox alizaliwa mwaka 1874 Cambridge, Massachusetts, nchini Marekani. Baba yake alikuwa Mweusi, mama Mzungu. Baba alifariki Kittie akiwa bado mdogo, familia ikahamia Boston. Huko akawa fundi cherehani.

Mwaka 1893 alijiunga na League of American Wheelmen, chama kikubwa cha waendesha baiskeli nchini humo. Haukupita muda, mambo yakageuka: mwaka 1894 chama kilipitisha kipengele kwamba wanachama wapya wawe Wazungu tu.

Kittie hakurudi nyuma. Aliendelea na misafara ya pamoja, ikiwemo ya maili 100, yaani kama kilomita 160. Wanawake wengi walikuwa wakihangaika na sketi ndefu. Yeye alijishonea suruali pana ya kubana magotini.

Julai 1895 akatua kwenye mkutano wa chama Asbury Park, New Jersey, na kadi yake ya uanachama. Kuna waliomkatalia, na sakata likajaa magazetini. Lakini kipengele kiliwahusu wapya, na yeye alikuwa ndani tayari. Ikabidi chama kikiri kuwa ni mwanachama halali.

Alifariki mwaka 1900 kwa ugonjwa wa figo, akiwa na miaka 26 tu. Kaburi lake lilikaa bila jiwe hadi 2013.

Na kile kipengele? Chama kilikuja kukikana rasmi mwaka 1999, zaidi ya miaka 100 baadaye.