Ibn al-Haytham na Kiwi cha Macho

Tukitajiwa wanavyuoni wa kale, wengi wetu hapa pwani humtaja Ibn Sina na Ibn Battuta, kisha tukanyamaza. Leo nataka kumleta mbele yenu Abu Ali al-Hasan ibn al-Haytham, ambaye kwa maoni yangu bado tunamdai haki yake.

Alizaliwa Basra karibu mwaka 965. Habari zilimfikia al-Hakim, Khalifa wa Misri, kwamba yuko mtu adaiye kuweza kuyatawala maji ya mto Nile. Akaitwa. Alipofika upande wa Aswan akayaona majengo ya Wamisri wa kale, alitambua kuwa lau jambo hilo lingewezekana, mafundi wale wangelitangulia kulifanya. Sasa arudi vipi kwa mtawala ambaye hasira yake iliangusha vichwa? Wasimulizi wanaeleza kwamba alijitia wazimu, akafungiwa nyumbani hadi al-Hakim alipotoweka mwaka 1021. Baadaye aliishi karibu na msikiti wa al-Azhar, akila jasho lake kwa kunakili vitabu vya hesabu, mpaka alipofariki karibu mwaka 1040.

Kitabu chake kikubwa ni Kitab al-Manazir. Euclid na Ptolemy walishika kwamba jicho ndilo litoalo miale ikaenda kugusa vitu. Yeye alianza na jambo ajualo kila mvuvi: ukilikazia jua macho yanauma, na ukigeukia gizani kiwi hubaki. Basi mwanga huingia jichoni, na ukiingia hulitenda jicho jambo.

Jambo gani? Hilo lilingoja zaidi ya miaka 900. Mwaka 1966, Werner Noell na wenzake huko Marekani walionyesha kwamba hata mwanga usio na ukali wa kuunguza, ukidumu, huharibu retina ya panya.

Nyuma ya seli zipokeazo mwanga mna utando wa seli zenye rangi nyeusi, melanini, jamaa ya ile iliyo ngozini mwetu. Kila siku seli hizi hula vipande vikuukuu vya jirani zao. Miaka ikipita, makapi yasiyosagika, yaitwayo lipofusini, hurundikana ndani yake. Mwanga, hasa wa buluu, ukiyapiga makapi hayo mahali penye oksijeni tele, huzuka oksijeni ya namna kali inayoyala mafuta na protini za seli, kama kutu ilavyo msumari wa dau. Mwili una kinga, zikiwamo vitamini C na E, lakini kinga hiyo hudhoofika uzeeni. Wataalamu wengi huyahusisha madhara haya na upofu wa wazee unaoanzia katikati ya retina.

Linalonitisha ni kwamba retina yenyewe haihisi maumivu. Mtu aweza kuiunguza asijue mpaka kesho yake.

Ndiyo sababu napenda risala yake nyingine, juu ya umbo la jua lililopatwa. Hapo alieleza mwanga upitao katika kitundu kidogo na kuchora hilali ukutani. Basi jua likipatwa, na watu wakitoka kwenye swala ya kusufu, toboa kitundu katika karatasi ngumu, lipe jua kisogo, uitazame hilali hiyo ikishuka ukutani au mchangani.