Denis Burkitt: Daktari aliyezunguka Afrika akitafuta chanzo cha uvimbe wa taya kwa watoto

Mzazi akiona shavu la mtoto limevimba na meno yamelegea, wazo la kwanza huwa ni jino bovu. Mtoto hupelekwa kung’olewa jino, au hupakwa dawa ya kienyeji, huku siku zikienda. Mara nyingi kweli ni jino. Lakini kuna uvimbe wa taya ambao si wa jino hata kidogo. Ni saratani, na inakua kwa kasi kuliko karibu saratani nyingine zote za binadamu. Inaitwa saratani ya Burkitt, na jina hilo ni la daktari aliyeifuatilia hapa hapa Afrika Mashariki.

Denis Parsons Burkitt alizaliwa Februari 28, 1911 karibu na mji wa Enniskillen, Ireland. Akiwa na miaka 11 alipigwa jiwe usoni wakati wa ugomvi wa watoto, akapoteza jicho moja. Chuoni Dublin alianza na uhandisi, kisha akahamia udaktari na kuhitimu mwaka 1935. Baadaye akawa daktari wa upasuaji. Alipoomba kazi katika makoloni ya Uingereza barani Afrika, alikataliwa kwa sababu ya jicho lake.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikuwa daktari wa jeshi, na kazi hiyo ikamfikisha Kenya. Mwaka 1943 alimwoa Olive Rogers, muuguzi, na wakajaliwa mabinti watatu. Vita vilipokwisha aliomba tena kazi, safari hii akakubaliwa. Mwaka 1946 alifika Uganda na kupangiwa Lira, kaskazini mwa nchi.

Huko Lira ndiko ilikoonekana tabia iliyomtofautisha na wengine. Aliwafanyia upasuaji wanaume wengi wenye busha, akagundua kwamba wengi wao walitoka upande mmoja wa wilaya, na upande wa pili karibu hawakuwepo. Daktari mwingine angewatibu na kuishia hapo. Burkitt alitaka kujua kila mgonjwa anaishi wapi.

Mwaka 1957, akiwa Hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mwenzake Hugh Trowell alimwita amwone mtoto wa kiume wa miaka 5. Taya zake zilikuwa zimevimba pande zote, juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt hakuwahi kuona kitu kama hicho, na hakuwa na la kumsaidia. Wiki chache baadaye, akiwa katika hospitali ya Jinja, alimwona mtoto mwingine mwenye uso uliovimba vile vile. Alipompima akakuta na uvimbe tumboni.

Watoto wawili, miji miwili, ugonjwa mmoja. Aliporudi Mulago alipekua mafaili ya watoto waliokufa kwa saratani. Akakuta kwamba waliovimba taya mara nyingi walikuwa na uvimbe pia kwenye figo, ini au ovari. Madaktari walikuwa wakiyaita magonjwa tofauti kwa sababu kila mmoja aliangalia kiungo chake. Mwaka 1958 Burkitt aliandika kwamba ni ugonjwa mmoja.

Swali lililofuata lilikuwa lile lile la Lira: wagonjwa hawa wanatoka wapi? Akiwa na ruzuku ya pauni 25 tu, alichapisha vipeperushi vyenye picha za watoto wenye uvimbe na kuvituma katika hospitali za serikali na za misheni barani Afrika. Aliuliza kama wamewahi kuona mtoto wa aina hiyo. Kila jibu lilipokuja, alichomeka pini kwenye ramani ukutani. Pini zikafanya ukanda mpana katikati ya Afrika, wenye mkia ulioshuka pwani ya mashariki.

Ili kujua ukanda huo unakomea wapi, Oktoba 1961 aliondoka Kampala na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, kwa gari kuukuu aina ya Ford. Kwa wiki 10 walisafiri takriban maili 10,000, wakipita Kenya na Tanganyika hadi Afrika Kusini na kurudi. Walitembelea zaidi ya hospitali 50, na katika kila moja walionyesha picha na kuuliza.

Majibu yalikuwa na mpangilio. Karibu na ikweta, ugonjwa ulikuwa adimu sana katika maeneo yaliyo juu ya takriban mita 1,500. Ulikuwa ugonjwa wa nchi zenye joto na mvua: kandokando ya Ziwa Victoria na pwani, si nyanda za juu zenye baridi. Mtafiti wa virusi wa Entebbe, Alexander Haddow, aliona kwamba ramani hiyo inafanana na ile ya magonjwa yanayoenezwa na mbu.

Mapema mwaka huo huo wa 1961, Burkitt alikuwa ametoa mhadhara London. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwapo mtafiti kijana, Anthony Epstein, aliyeomba atumiwe vipande vya uvimbe kutoka Kampala. Mwaka 1964 Epstein na wenzake, Bert Achong na Yvonne Barr, walitangaza kuona kirusi ndani ya chembe hizo. Kilikuwa kirusi cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu.

Leo tunajua kwamba kirusi hicho huingia karibu kwa kila mtu kupitia mate, na wengi hawapati madhara makubwa. Lakini mtoto anayeugua malaria mara kwa mara, kinga yake hushindwa kukidhibiti vizuri, na hatari ya saratani hii huongezeka. Saratani yenyewe haiambukizi. Mtoto mgonjwa anaweza kula, kucheza na kulala na ndugu zake.

Burkitt aliona pia kwamba kisu hakikuwafaa watoto hawa, na Uganda haikuwa na mashine ya mionzi. Akajaribu dawa za saratani, ambazo wakati huo zilikuwa bado mpya. Uvimbe uliyeyuka ndani ya siku chache, na baadhi ya watoto walipona kwa dozi chache tu. Wengine wengi ugonjwa uliwarudia. Ndiyo maana mwaka 1967 kilifunguliwa Mulago kituo maalumu cha tiba na utafiti wa saratani hii, ambacho leo ni Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Burkitt mwenyewe alirejea Uingereza mwaka 1966. Alitumia miaka iliyobaki akihimiza watu kula vyakula vyenye nyuzinyuzi, akikumbuka maradhi ya utumbo ambayo wagonjwa wake wa Uganda hawakuwa nayo. Mwaka 1972 alipewa Tuzo ya Lasker nchini Marekani pamoja na madaktari wengine wa tiba ya saratani. Alifariki dunia Machi 23, 1993.

Mzazi afanye nini?

Mwone daktari mara moja iwapo taya la mtoto linavimba, meno yanalegea kabla ya wakati wake, jicho linatokeza nje, au tumbo linakua haraka. Usisubiri mwezi mwingine. Uvimbe huu unaweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja hadi mbili. Kama jino limeng’olewa na uvimbe bado unakua, rudi hospitali na uombe rufaa. Hospitali kubwa kama Muhimbili na Bugando zina huduma za saratani za watoto.

Wodini, mtoto atawekewa maji mengi ya dripu na muuguzi atapima mkojo wake kila mara. Msaidie kwa kutomwaga mkojo kabla haujapimwa. Saratani inapoyeyuka haraka, mabaki yake huweza kuziba figo, na maji ndiyo kinga. Atachomwa pia sindano ya mgongo ili dawa ifike kwenye ubongo na uti wa mgongo. Ukiiogopa, muulize muuguzi akueleze kabla ya siku yenyewe.

Hatari kubwa huja pale uso unaporudi kawaida. Mtoto anacheza, nauli imekwisha, wadogo zake wako nyumbani, na mzazi anaona amepona. Hajapona bado. Maliza dozi zote hata kama uvimbe hauonekani, na kama nauli ndiyo kikwazo, mwambie muuguzi au ofisa ustawi wa jamii kabla hujaondoka wodini.

Na nyumbani, watoto wote walale ndani ya chandarua chenye dawa.