Al-Mas'udi: Mwanachuoni Aliyeuliza Kabla ya Kuandika



Ijumaa hii tunamkumbuka Abul-Hasan Ali bin al-Husayn al-Mas'udi, mzaliwa wa Baghdad katika karne ya 3 Hijria, wa kizazi cha sahaba Abdullah bin Mas'ud (R.A.). Alisafiri Uajemi, Bara Hindi, Bahari ya Kaspi na Sham. Pwani yetu pia aliifikia. Mwaka 304 Hijria (916 au 917 Miladia) aliondoka kwa mara ya mwisho kisiwa cha Qanbalu, ambacho wengi wanaona ndicho Pemba, akarejea Oman.

Kabla yake, al-Jahiz wa Basra, aliyefariki mwaka 255 Hijria, alikwisha kuandika Kitabu cha Wanyama. Kwa mujibu wa al-Mas'udi, humo alidai kwamba mtoto wa kifaru hukaa tumboni miaka 7, na hutoa kichwa nje akala majani, kisha akakirudisha. Al-Mas'udi alivisifu vitabu vya al-Jahiz, lakini habari hii hakuimeza. Aliwauliza watu wa Siraf na Oman waliozoea nchi za kifaru, na wafanyabiashara aliowakuta India. Wote walistaajabu, wakamweleza kuwa kifaru huchukua mimba na kuzaa kama ng'ombe na nyati. Akaandika hivyo katika Muruj adh-Dhahab. Leo tunajua kwamba mimba ya kifaru ni miezi 15 hadi 16 hivi.

Sasa tumtazame mtoto wa Namswea, wilayani Mbinga, aliyeteremka na baba yake hadi ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Anaona vifaranga vya samaki vikitoka kinywani mwa samaki mkubwa. Anauliza: Je, samaki hula wanawe? Wengi wetu humwambia anyamaze, kwani ndivyo Mungu alivyoumba. Neno hilo ni la kweli, lakini tumelifanya kuwa kufuli. Laiti tungemuuliza mvuvi! Samaki wengi wa jamii ya perege katika ziwa hilo huatamia mayai kinywani. Vifaranga hutoka kutafuta chakula, na hatari ikitokea hukimbilia kinywani mwa mama.

Ndugu wasomaji, habari hizi mbili zinafanana mno, nayo moja ni uongo na moja ni kweli. Sikio peke yake haliwezi kuzipambanua. Ndiyo maana Qur'ani, katika Sura ya An-Nahl na ya Al-Hujurat, imetufunza kuwauliza wenye elimu na kuzithibitisha habari. Mtoto anayenyamazishwa leo kuhusu samaki, kesho hatauliza kuhusu dawa anayouziwa wala fatwa anayopewa. Mzazi akisema hajui, na waende pamoja kuuliza, heshima yake haipungui.

Al-Mas'udi alifariki Misri mwaka 345 Hijria (956 Miladia). Mwenyezi Mungu amrehemu, na atujaalie watoto wenye kuuliza na wazazi wenye subira. Amin.