Tetteh Quarshie, Mhunzi Aliyepanda Kakao

Wasomaji wetu wengi wamekunywa kakao, lakini ni wachache wajuao habari za Tetteh Quarshie, mhunzi wa Ghana, nchi ambayo zamani iliitwa Pwani ya Dhahabu. Tumeona vema kuwasimulia maisha yake kwa kifupi.

Alizaliwa Osu, karibu na Accra, mwaka 1842, naye alikuwa mtu wa kabila la Waga. Wamisionari wa Basel walikuwa na karakana mahali hapo, na humo alifundishwa kufua chuma. Mwaka 1870 alivuka bahari kwenda kisiwa cha Fernando Po, kiitwacho siku hizi Bioko. Huko aliyaona mashamba ya kakao na faida yake. Baada ya miaka kama sita alirudi na mbegu, akazipanda Mampong, katika vilima vya Akuapem. Wamisionari nao walikuwa wamejaribu kupanda kakao kabla yake, lakini miche yao mingi ilikufa.

Mkakao hauzai upesi. Mwenye shamba hungoja miaka kadha wa kadha. Quarshie alingoja. Miti yake ilipozaa, angaliweza kuzificha mbegu ili faida iwe yake peke yake. Lakini aliwagawia jamaa na rafiki, na kilimo kikaenea vilimani.

Mwaka 1891 kakao ya kwanza ya nchi ile iliuzwa ng'ambo, na siku ya 25 Desemba 1892 Quarshie akafariki. Hakuyaona mavuno makubwa. Wakulima wa Akuapem hawakungoja amri ya serikali. Walichanga fedha zao, wakanunua ardhi kwa ushirika ng'ambo ya mto Densu, kila mtu akapimiwa sehemu yake kwa kadiri ya alichotoa. Ilipofika mwaka 1911, nchi yao ilizishinda nchi zote duniani kwa kutoa kakao, karibu tani 40,000.

Walakini kumiliki miti si kumiliki bei. Mwaka 1937 makampuni ya Kizungu yalipatana kutoshindana katika kununua. Ndipo wakulima wakakataa kuwauzia, wakashikamana hivyo mpaka mwaka 1938.

Basi tuyatafakari haya. Mtu mmoja aweza kuleta mbegu, lakini akiifungia mkononi itamfaa yeye tu. Quarshie alifumbua mkono wake, na jirani zake wakaunganisha mikono yao. Hapo ndipo utajiri wa nchi ulipoanza.