Ayub Ogada: Nyatiti ya Nyanza iliyosikika katika filamu za dunia

WALIOTAZAMA filamu ya The Constant Gardener, iliyotoka mwaka 2005, huikumbuka sauti ya mwanamume mmoja, tulivu na yenye majonzi, ikiimba kwa Dholuo juu ya nyuzi za nyatiti. Ni wachache waliojua jina la mwenye sauti hiyo, na wachache zaidi waliojua kwamba siku zake za mwisho angezimalizia Nyahera, nje kidogo ya mji wa Kisumu.

Ayub Ogada alizaliwa Mombasa mwaka 1956 katika familia ya Kijaluo iliyopenda muziki, akaitwa Job Seda. Sehemu ya utoto wake aliipitisha Marekani, ambako baba yake alikuwa akisomea udaktari. Jina la Ayub alilolitumia baadaye ni lile lile la Job kwa matamshi ya Waswahili.

Katika miaka ya 1970 alikuwa mmoja wa vijana wa bendi ya Black Savage jijini Nairobi, na mwaka 1979 akawa miongoni mwa waanzilishi wa African Heritage Band. Sinema nayo ilimwita mapema. Katika Out of Africa ya mwaka 1985 aliigiza kama Kanuthia, lakini muziki wa filamu hiyo ulikuwa wa Mwingereza John Barry na okestra yake. Mwanamuziki huyu wa Kenya alionekana tu, hakusikika akipiga.

Mwaka 1986 alikwenda Uingereza na nyatiti yake, akawa akipiga katika vituo vya treni za chini ya ardhi jijini London ili apate riziki. Huko ndiko alikogunduliwa na watu wa tamasha la WOMAD, na mwaka 1993 kampuni ya Real World, iliyoasisiwa na Peter Gabriel, ikatoa albamu yake, En Mana Kuoyo, yaani ni mchanga tu.

Nyatiti ina nyuzi nane. Kwa desturi mpigaji huketi chini karibu na ardhi, akagonga ukingo wa ala kwa pete ya chuma iliyovishwa kidole gumba cha mguu, huku njuga zikilia mguuni. Hivyo mtu mmoja hutoa sauti ya uzi, mdundo na uimbaji kwa pamoja. Ogada aliipiga kwa upole kuliko ilivyozoeleka kwenye sherehe na matanga ya Nyanza, na rekodi zake ziliachiwa nafasi nyingi za ukimya.

Ukimya huo ndio uliowafaa watengenezaji wa filamu. Anayechanganya sauti za filamu hushughulikia mambo matatu kwa wakati mmoja: maneno ya waigizaji, sauti za mazingira kama upepo na magari, na muziki. Wimbo uliojaa magitaa, ngoma na tarumbeta humlazimu aupunguze mno kila mtu anapofungua kinywa, hata ubaki kama uvumi wa nyuki. Wimbo wa nyuzi chache na sauti moja hukaa chini ya picha bila kugombana na chochote. Isitoshe, watazamaji wengi hawajui Dholuo, kwa hiyo maneno ya wimbo hayashindani na ya waigizaji. Husikika kama ala nyingine.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Kothbiro, wimbo unaotangaza kwamba mvua inakuja na kuwahimiza watoto warudishe ng'ombe nyumbani. Fernando Meirelles, mwongozaji wa The Constant Gardener, aliuweka katika kisa cha mauaji na dawa za kuhadaa watu. Mtu wa kando ya ziwa angeweza kushangaa mifugo imeingiaje humo, lakini huzuni ya sauti ilitosha.

Wimbo wenyewe ulikuwa umerekodiwa kwanza na Black Savage mwaka 1976, na ni rekodi hiyo ya zamani ambayo Kanye West alichukua kipande chake mwaka 2018 katika wimbo Yikes.

Ogada alirejea Kenya mwaka 2007. Mwaka 2015 ilitoka albamu ya Kodhi, aliyoshirikiana na mpiga gitaa Trevor Warren. Aliaga dunia Nyahera Februari 1, 2019.